Klachi ya Gari Lililoongezwa Nguvu: Anza na Torki, Kisha Hesabu Joto

Wenye magari ya dizeli yaliyoongezwa nguvu karibu wote huanza na swali moja: nifunge klachi ya farasi wangapi? Swali hilo linaeleweka, kwa sababu farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, ndio wanaotajwa kwenye majigambo, kwenye karatasi ya mashine ya kupimia nguvu na juu ya boksi la klachi yenyewe. Lakini kinachopita katikati ya flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) na presha pleti (bamba lenye springi linaloibana diski ya klachi kwenye flaiwili) ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye krenkishafti, shafti kuu ya injini, na kinachoiua klachi mwishowe ni joto. Anayenunua kwa kutazama farasi peke yao anaweza kupata klachi dhaifu kwa injini yake, au akapata kali mno kwa matumizi yake, na katika hali zote mbili giaboksi itashushwa tena mapema kuliko alivyopanga.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nguvu kwa kilowati ukiizidisha kwa 9,549, kisha ukagawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika, unapata torki kwa newtoni-mita, yaani Nm. Farasi 500 ni takribani kilowati 373. Injini ya petroli inayotoa farasi hao kwenye mizunguko 6,500 ina torki ya Nm 548 tu wakati huo. Injini ya dizeli ya pikapu kubwa inayotoa farasi haohao kwenye mizunguko 2,500 ina torki ya Nm 1,425, na mara nyingi torki yake ya juu kabisa hutokea chini zaidi ya hapo. Boksi likiandikwa "farasi 500" bila kutaja mizunguko, mnunuzi hajaambiwa kitu cha kumsaidia. Mimi boksi la namna hiyo hulirudisha kwenye rafu na kuuliza klachi ile imepimwa kubeba torki ya kiasi gani, kwenye gari la uzito gani, na kama gari hilo huvuta tela.

Dalili ya kwanza ya klachi iliyozidiwa haitokei mahali wengi wanapoitafuta. Wao huondoka kwa kishindo kwenye gia ya kwanza, wakiona gari limeruka mbele husema klachi bado nzima. Gia ya kwanza huficha mengi. Katika gia hiyo injini hupanda mizunguko haraka sana, sehemu ya torki yake hutumika kuongeza mwendo wa krenkishafti na flaiwili zenyewe kabla haijafika kwenye diski, na turbo haipati muda wa kujaza hewa kikamilifu. Kipimo cha kweli kiko kwenye gia ya juu. Barabara ikiwa tupu na imenyooka, injini ikizunguka 1,600 au 1,700 hivi, kanyaga mafuta mpaka chini na uangalie dashibodi. Uzito wote wa gari unaizuia injini isipande, turbo inajaa, na karibu torki yote inapitia kwenye klachi. Kama imezidiwa, utaona mshale wa mizunguko ukitoka 1,900 ukafika 2,300 kwa pumzi moja, ilhali mshale wa spidi haujasogea. Mlio wa injini, uliokuwa mzito na wa kifuani, unageuka kuwa mwepesi ghafla. Sekunde chache baadaye harufu inaingia kupitia matundu ya hewa, kali na yenye uchachu, na haitoki upesi hata ukifungua vioo. Ondoa mguu papo hapo, usisubiri kuhakikisha.

Nasema papo hapo kwa sababu ya namba. Klachi inayoteleza huku ikiwa bado inabeba Nm 900, na injini ikiipita giaboksi kwa mizunguko 300 tu kwa dakika, inazalisha joto la takribani kilowati 28. Sekunde 3 za mtelezo wa namna hiyo ni kilojoule 85, zilizomwagwa juu ya nyuso zenye upana wa sentimita chache. Nitarudi kwenye kipimo hiki baadaye kidogo, kwa kuwa ndicho kinachotenganisha klachi inayoshika na klachi inayodumu.

Viwanda vinaujua vizuri mpaka huu wa torki. Dodge Ram yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2007, ilikuwa na takribani Nm 881 ikiwa na giaboksi ya otomatiki, lakini Nm 827 ikiwa na gia za mkono. Kufikia toleo la mwaka 2013 pengo lilikuwa kubwa zaidi: Nm 895 kwa gia za mkono, na hadi Nm 1,152 kwa otomatiki yenye uwezo mkubwa kuliko zote. Injini ni ya familia ileile. Kwa hiyo anayeweka programu mpya ya kompyuta, nozeli kubwa na turbo nyingine kwenye gari la gia za mkono anaanzia pale ambapo kiwanda kilikwisha kujizuia, na klachi aliyoikuta humo ilichaguliwa kwa ajili ya kizuizi hicho.

Uwezo wa klachi kubeba torki hutokana na mambo manne yanayozidishana: idadi ya nyuso zinazosuguana, kipimo cha msuguano cha malighafi ya diski, nguvu ambayo presha pleti inaibania diski, na umbali wa wastani kutoka katikati ya diski hadi mahali inaposuguana. Chukua diski moja ya kipenyo cha milimita 330, ambayo wastani wake wa nusu kipenyo ni kama milimita 130. Diski moja ina nyuso mbili. Msuguano ukiwa 0.3 na presha pleti ikibana kwa newtoni 12,000, jibu ni Nm 936. Kwa injini ya kiwandani ya Nm 827 klachi hiyo inatosha ikiwa mpya na ikiwa haijaguswa na mafuta. Kwa injini ya Nm 1,400 haitoshi hata kwa kuombea.

Ukitaka kuongeza, unaongeza kimojawapo kati ya vinne hivyo, na kila kimoja kina deni lake. Nusu kipenyo karibu hakiguswi, kwa kuwa nyumba ya klachi na flaiwili vimekwisha kuamua ukubwa wa diski. Vinabaki vitatu, na biashara yote ya klachi kali imejengwa juu ya vitatu hivyo.

Kuongeza nguvu ya kubana ndiyo njia inayoelezeka kwa urahisi kuliko zote. Presha pleti yenye springi ngumu zaidi ikibana kwa newtoni 16,800 badala ya 12,000, klachi yetu ya mfano inafika Nm 1,310 bila kubadilisha malighafi ya diski. Ulaini wa kuondoka unabaki uleule, na diski inachakaa kwa utaratibu uleule. Deni linalipwa na mguu wa kushoto, lakini mguu si mhanga pekee. Ile nguvu yote ya kukanyaga hupitia masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli), mpira wa mafuta, sleve silinda (inayoyapokea mafuta hayo), uma wa klachi na rilizi beringi (ile inayoibonyeza presha pleti), kisha huisukuma krenkishafti nzima kuelekea mbele. Ndani ya injini kuna beringi inayozuia krenkishafti isisogee mbele na nyuma, na beringi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya dereva anayesubiri taa nyekundu kwa dakika mbili huku pedeli iko chini. Mwenye presha pleti ngumu anapaswa kuzoea kutoa gia na kuachia pedeli kila anaposimama, na kuwasha injini gia ikiwa haijaingizwa. Kabla ya kufunga presha pleti ya namna hiyo kwenye injini iliyokwisha tembea sana, mwambie fundi apime kwa saa ya kupimia ni kiasi gani krenkishafti inacheza mbele na nyuma, na alinganishe na kitabu cha injini. Ni kazi ya dakika chache wakati giaboksi iko chini, na ni mafundi wachache wanaoifanya bila kuambiwa.

Njia ya pili ni kubadilisha malighafi, na hapa ndipo maneno ya matangazo yanapokuwa mengi. Diski ya oganiki, ile ya nyuzi zilizofinyangwa pamoja na gundi na nyaya nyembamba za shaba, hushika polepole, haina kelele na huisamehe flaiwili. Udhaifu wake uko kwenye joto: gundi ikiungua, uso wa diski hung'aa kama uliopakwa vanishi, na msuguano hushuka. Diski za nyuzi za aramidi, kama Kevlar, huchakaa taratibu sana, lakini zinahitaji muda mrefu wa kuzizoeza, na zikichomwa kabla hazijazoea huwa vigumu kurudi katika hali yake. Seramiki, ambayo kwa kweli ni mchanganyiko wa unga wa metali na chembe za seramiki uliobanwa na kuokwa kuwa vipande vigumu, huvumilia joto kubwa na ina msuguano wa juu; ukiweka 0.4 badala ya 0.3 kwenye hesabu yetu, Nm 936 zinakuwa 1,248. Chuma kilichookwa kwa namna hiyo hiyo kiko mbali zaidi kwenye mstari huo, na mahali pake ni mashindano ya kuvuta mizigo, si barabara ya kwenda kazini.

Kwa hesabu ya karatasi seramiki inashinda. Kwa matumizi, sijawahi kuipenda kwenye pikapu inayovuta tela na kuingia kwenye foleni. Vipande vichache vya seramiki hugusana na flaiwili kwa eneo dogo, na msuguano wa malighafi hiyo huelekea kupanda kadiri kasi ya mtelezo inavyoshuka. Maana yake ni kwamba pale unapomalizia kuachia pedeli, ndipo klachi inaponyakua, inaachia, inanyakua tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Gari linatetemeka kuanzia kwenye kiti hadi kwenye ndoano ya tela. Dereva hujifunza haraka kuukwepa mtetemo huo kwa kuongeza mafuta na kuachia pedeli kwa ghafla, na mshtuko anaouondoa kwenye kiti huuhamishia kwenye shafti ya giaboksi, jointi na difu. Zipo diski zenye oganiki upande mmoja na seramiki upande mwingine, na hizo hupunguza ukali huo kwa kiasi cha kutosha kuwaridhisha watu wengi wenye torki ya wastani. Seramiki pande zote mbili ningeiacha kwa gari lisilovuta kitu, la mtu anayejua anachokitafuta.

Jambo moja dogo ambalo huwa halitajwi kwenye boksi ni springi bapa, zenye umbo la wimbi, zinazowekwa katikati ya nyuso mbili za diski ya oganiki. Hizo ndizo zinazofanya klachi ianze kushika taratibu badala ya kushika kwa mkupuo. Diski nyingi kali huziondoa kabisa ili zipate uimara na wembamba. Ukiishika diski mkononi na kuibana pembeni kwa vidole, utahisi kama ina mchezo au haina, na kuanzia hapo unajua itakavyoondoka hata kabla haijafungwa.

Njia ya tatu ni kuongeza nyuso: diski mbili, na katikati yake pleti ya chuma. Nyuso nne badala ya mbili, kwa presha pleti ileile ya newtoni 12,000 na oganiki ileile ya 0.3, zinabeba Nm 1,872. Ukitazama vizuri utaona uzuri wake, kwamba torki imeongezeka maradufu bila kuongeza uzito wa pedeli wala ukali wa malighafi. Unaweza hata kupunguza nguvu ya kubana hadi newtoni 9,500 na bado ukabaki na Nm 1,482, pedeli ikiwa nyepesi kuliko ya klachi ya kiwandani tuliyoanza nayo. Ndiyo maana, kwa gari lenye torki ya Nm 1,100 hadi 1,450 linalofanya kazi ya kuvuta, mimi huchagua diski mbili za oganiki na huwa sitazami nyuma.

Klachi ya diski mbili nayo ina tabia zake. Pedeli ikiwa chini na gari likiwa limesimama, pleti ya kati na diski zake hucheza na kutoa mlio wa kugongana, kama sufuria zinazobebwa kwenye gunia. Aliyezoea gari kimya ataamini kitu kimevunjika. Nyuso nne zinahitaji nafasi nne ili ziachane kabisa, kwa hiyo rilizi beringi lazima isafiri umbali mrefu zaidi. Masta silinda ya zamani ikiwa imechoka, au mfumo ukiwa na hewa ndani, klachi haiachii vizuri. Kwenye giaboksi ambayo gia ya rivasi haina vilinganishi vya mwendo, kipimo ni chepesi: kanyaga pedeli mpaka mwisho, subiri sekunde kadhaa, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza, shafti bado inazungushwa na kuna diski inayoburuzwa. Wengi hapo hulaumu klachi mpya, ilhali tatizo liko kwenye silinda ambayo kipenyo chake hakisukumi mafuta ya kutosha. Masta silinda yenye kipenyo kikubwa zaidi husukuma mafuta mengi zaidi kwa safari ileile ya pedeli, na hulipisha kwa kuifanya pedeli iwe nzito kidogo.

Sasa nirudi kwenye joto, kwa sababu klachi nyingi ninazoziona zimekufa hazikufa kwa kushindwa kubeba torki. Zilikufa wakati wa kuondoka. Gari linapoanza kutembea kutoka kusimama, klachi huteleza mpaka mwendo wa shafti ya giaboksi ulingane na wa injini. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko isiyobadilika kwenye barabara tambarare, joto linaloingia kwenye klachi ni sawa na nguvu ya mwendo ambayo gari limepata mpaka hapo. Chukua pikapu ya kilo 3,500 yenye tela la kilo 6,000, giaboksi ya mkono aina ya NV4500 ambayo uwiano wa gia yake ya kwanza ni 5.61 na wa pili ni 3.04, difu ya 3.54, na injini ikizunguka 1,000. Kwenye gia ya kwanza klachi inaacha kuteleza gari likiwa na mwendo wa kilomita 7.6 kwa saa, na joto ni kama kilojoule 21. Ukiondoka na gia ya pili, mtelezo unaendelea hadi kilomita 14 kwa saa, na joto ni kilojoule 72. Ni dereva yuleyule, tela lilelile, klachi ileile, na joto limekuwa zaidi ya mara tatu kwa sababu ya uvivu wa kubadilisha gia moja.

Mlimani ni vibaya zaidi, kwa sababu muda wote wa mtelezo injini inalipa pia gharama ya kuuzuia mzigo usirudi nyuma. Kuliweka gari mlimani kwa kulishikilia na klachi badala ya breki ni kuichoma bila hata kusafiri. Na kurudisha tela nyuma kwenye kona nyembamba, polepole, huku pedeli ikiwa nusu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote ambazo klachi ya pikapu huifanya; mashindano ya mwendo kasi hayaifikii. Magari yenye sanduku la gia za chini la magurudumu manne yana dawa ya jambo hili, na wenye nayo huisahau. Baadhi ya magari huweza kurekebishwa ili gia za chini zitumike bila kuunganisha ekseli ya mbele, na kwa mtu anayerudisha tela kila siku marekebisho hayo yanaweza kuiongezea klachi maisha kuliko diski yoyote ya bei kubwa.

Zile kilojoule 85 za sekunde 3 za kuteleza kwenye gia ya juu sasa zina maana: ni sawa na kuondoka na tela mara nne mfululizo bila kupumzika. Kilo moja ya chuma cha kusubu huhitaji takribani joule 500 ili ipande nyuzi 1 ya sentigredi, kwa hiyo uzito wa flaiwili na presha pleti si mzigo tu, ni ghala la joto. Hii ni sababu nyingine ya kuipenda klachi ya diski mbili, ingawa pleti yake ya kati, inayopokea joto pande zote mbili na isiyo na njia nzuri ya kulitoa, ndiyo hupinda kwanza dereva akizidisha. Ni sababu vilevile ya kutofunga flaiwili nyepesi kwenye gari la kazi. Wepesi huo hupendeza kwenye gari dogo la mashindano. Kwenye dizeli inayovuta tani 6, flaiwili nzito huisaidia injini isizimike na hubeba joto ambalo vinginevyo lingebaki kwenye diski.

Ukitaka kuona maandishi ya joto, iangalie flaiwili iliyotoka kwenye gari lililoteswa. Uso wake, ambao ungepaswa kuwa wa kijivu uliotulia, una madoa ya bluu na zambarau yaliyojipanga kwa duara, na ukipitisha ukucha unahisi vijiufa vyembamba vinavyotoka katikati kwenda nje. Kwenye madoa yale chuma kimebadilika na kuwa kigumu kuliko kilichokizunguka. Kikikerezwa kwa kisu cha kawaida, sehemu ngumu hubaki juu kidogo, na klachi mpya hutetemeka tangu siku ya kwanza. Flaiwili ya namna hiyo inahitaji jiwe la kusaga badala ya kisu, na nyufa zikiwa zimezama haifai kitu isipokuwa kutupwa. Kwa injini inayozungushwa kupita mipaka ya kiwanda, ningechagua flaiwili iliyochongwa kutoka bonge moja la feleji. Kinachotakiwa ni chuma kigumu cha feleji badala ya cha kusubu, kwa kuwa chuma cha kusubu hupasuka bila onyo, na vipande vyake hupita kwenye sakafu ya gari.

Kuhusu flaiwili zenye sehemu mbili zilizounganishwa kwa springi, ambazo Ram za dizeli zenye giaboksi ya mkono aina ya G56 zilitoka nazo kiwandani, ushauri wa karibu kila mtu ni kuzitoa na kufunga ya kipande kimoja, na nakubaliana nao kwa gari lililoongezwa torki, kwa sababu springi zile zina kikomo chake. Lakini zilikuwepo kwa sababu. Mapigo ya dizeli kwenye mizunguko ya chini ni makali, na springi hizo huyameza kabla hayajafika kwenye giaboksi. Ukiziondoa, utasikia meno ya gia yakigongana gari likiwa limesimama bila gia. Diski yenye springi katikati yake hupunguza mlio huo lakini haiuondoi. Asiyeweza kuuvumilia aujue mapema, kabla ya kulipa.

Kiasi gani cha ziada kinatosha? Kwa gari linalotembea tupu, klachi inayobeba asilimia 20 hadi 30 zaidi ya torki halisi ya injini inanitosha. Kwa linalovuta, napenda ifike 40 au 50, kwa kuwa diski ikichakaa na kupata joto uwezo wake hushuka. Zaidi ya hapo siendi. Klachi isiyoteleza kamwe huhamishia kila mshtuko mahali pengine, na mahali pengine ni ghali zaidi: shafti ya kuingilia giaboksi, jointi, meno ya difu. Kwenye giaboksi za NV4500 za Dodge za dizeli, nati inayoshikilia gia ya tano inajulikana kwa kulegea hata kwenye magari yasiyoguswa, na torki ya ziada haiipunguzii matatizo. Kabla ya kuifunga klachi ya Nm 1,800 kwenye giaboksi hiyo, nati ile ingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu.

Kuna klachi moja isiyouzwa dukani, nayo ni programu ya injini yenyewe. Torki nyingi inayotolewa chini ya mizunguko 1,800 huifanya klachi iteseke, hupandisha shinikizo ndani ya silinda na huongeza moshi, bila kulifanya gari lifike mapema. Mtaalamu wa programu akiombwa kuipandisha torki kwa mteremko kuanzia 1,600 hadi 2,200 badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo, farasi wa juu hubaki walewale, na klachi iliyokuwa ikiteleza mara nyingine hunyamaza kabisa. Wapo walionunua diski mbili wakati walihitaji saa moja ya mtu mwenye kompyuta.

Kuhusu kufunga, nitasema machache kwa kuwa fundi mzuri anayajua. Wakati giaboksi iko chini, badilisha rilizi beringi, beringi ndogo inayobeba ncha ya shafti kwenye krenkishafti, na oili sili ya nyuma ya injini, hata kama havilii wala havivuji. Tone la oili kwenye diski mpya linafuta hesabu zote za hapo juu. Mafuta ya kuzuia kutu kwenye flaiwili na presha pleti mpya yaoshwe kwa kisafishio cha breki mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kama kivuli tu, kwa sababu inayozidi itarushwa kwenye diski. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kupokezana, kidogo kidogo, kwa kuvuka upande hadi upande, kisha zimaliziwe kwa spana ya torki. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, pleti inapinda kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Baada ya hapo diski inahitaji kuzoeshwa. Watengenezaji wengi hutaja takribani kilomita 800, na kilomita hizo ziwe za mjini, zenye kuondoka na kusimama mara nyingi kwa upole, kwa kuwa kilomita 800 za barabara kuu kwenye gia ya juu haziizoeshi klachi chochote. Tela lisubiri. Programu ya nguvu kubwa nayo isubiri: gari liendeshwe kwa programu ya kiwandani mpaka kipindi hicho kiishe, kisha nguvu iongezwe kwa hatua, na kila hatua ijaribiwe kwenye gia ya juu injini ikiwa na joto la kawaida, kabla ya kwenda kwenye hatua inayofuata.